Maji Yasiyo na Maiti

"Sifuri!" Daktari, mkuu wa maabara yetu, alinipiga begani. "Hakuna hata mmoja aliye hai. Nimeshawatumia kamati matokeo."

Kweli, aliye hai hakuwepo. Kilichonikera mimi, jicho likiwa kwenye hadubini, ni kwamba hata aliyekufa hakuwepo. Mwaka wa sita huu kazi yangu ni kuhesabu viumbe. Meli hunyonya maji ya ziwa tumboni ili isiyumbe, kisha huyamwaga bandari nyingine pamoja na wadudu na watoto wa kome wageni, wanaokwenda kuziba mabomba ya watu huko. Mtambo wetu unatakiwa kuwaua wakiwa bado melini. Kuwaua, jamani, si kuwayeyusha! Sasa maiti ziko wapi?

"Usianze," Daktari alisema, maana ananijua. Saa nne angefika mama wa kamati ya fedha za umma, kuamua kama serikali itaendelea kutugharamia. Akikataa, maabara inafungwa, nami narudi kuishi sebuleni kwa dada.

Mume wa dada ndiye nahodha wa meli yetu ya majaribio. Nilishuka gatini mbio, nikamkuta anafuta vioo, shati jeupe limenyooshwa utadhani bwana harusi.

"Shemeji, jana tangi ulijaza maji gani?"

"Masafi!" alijibu kwa maringo. "Ya bomba la mji. Wageni wanakuja, niwaonyeshe matope ya ziwa? Sina adabu?"

Nilitamani kumrushia ndoo. Miezi kumi na minne ya kuujaribu mtambo huu, halafu mtu anaandaa maji kana kwamba anapokea wakwe! Nilicheka huku nakaribia kulia.

"Jaza ya ziwa. Sasa hivi. Na mtambo uwashe."

"Na shati langu?"

"Shemeji!"

Mama wa kamati alipofika, mfupi, miwani imening'inia shingoni, Daktari alikuwa ameshakunjua karatasi yake ya sifuri. Nikamkatiza mbele ya mgeni, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaeleza yote. Daktari alinikata jicho hilo, weee! Nikaweka sampuli mpya kwenye hadubini.

Maiti tele. Nilihesabu mia mbili na ushei, moyo ukaanza kutulia. Kisha pale pembeni kimdudu kimoja chenye ganda kikajipindua, kikatulia, kikajipindua tena.

"Yupo mmoja hai," nikasema. Daktari akaketi bila kutafuta kiti, bahati stuli ilikuwa hapo.

Yule mama akainamia hadubini, akaganda hapo muda mrefu.

"Mbona huyu hakufa?"

"Hatujui, mama."

"Ganda ndilo limemkinga?"

"Huenda. Hatujalipima."

"Na akifika bandari nyingine peke yake, si atakufa bila kuzaa?"

"Hawa huzaa hata bila dume."

"Ala!"

Akafungua mkoba, akatoa fomu aliyokwisha kuijaza kwa kalamu. Nikaisoma kutoka nilipokuwa: Mradi umekamilika. Ufadhili usitishwe.

"Niliipata sifuri yenu nikiwa njiani," alisema. "Nikajua mmemaliza. Nilikuja kuwapa mkono wa kwaheri."

Akapiga mstari juu ya maneno yale, akarudi kuinamia hadubini.

"Bado anajipindua," akasema. "Miaka mingapi itawatosha kujua kwa nini?"