Mkono wa Kushoto

Kisimba aliingia bila kubisha, akavua kofia kwa heshima ya Henriette, mama mwenye nyumba, akauliza shati lake limefikia wapi.

Huguette Mwenze alikuwa ameketi mbele ya cherehani. Nyuma yake, upande wa pili wa pazia la kitenge, mwalimu wake, mama Mianda, alikuwa amejificha sakafuni kati ya magunia ya unga wa mahindi. Hii ilikuwa siku yake ya kumi na moja humo. Alikuwa amekuja mtaa huu wa Musonoi, mjini Kolwezi, siku ya Jumanne, kama alivyokuja kila Jumanne kwa mwaka mzima, kumfundisha Huguette ushonaji hapa hapa nyumbani. Na wakati anaeleza jinsi ya kukata kola, vijana waliondoa watu wote wa mtaa wake. Watu wa Kasai warudi kwao, walisema. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Mama Mianda ni wa Kasai kwa ukoo, lakini alizaliwa Kolwezi, na baba yake amezikwa Kolwezi. Mume wake Kabongo na watoto walikuwa wakilala kwenye uwanja wa stesheni, wakingoja treni.

Saa tisa alasiri lori la padri lingepita likiwa na makala, yaani makaa, ya kupikia watu wa stesheni, na mama Mianda angepanda kati ya magunia hayo. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Kisimba alikuwa mkubwa wa vijana wa kizuizi kwenye barabara ya stesheni, ambako lori lingepita. Alijua ni nani aliyemfundisha Huguette. Mtaa mzima ulijua. Henriette, mama yake Huguette, alikuwa amewaambia majirani mmoja mmoja kwamba mwalimu aliondoka pamoja na wenzake, na wengine walimsadiki.

Kisimba alilinyanyua shati lile jeupe. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kushonwa. Wa kushoto bado umeshikwa kwa pini. Alipitisha kidole juu ya mshono wa bega, taratibu, akarudia.

Hapo Huguette aliona kosa lao. Asubuhi mama Mianda, aliyechoka kukaa bila kazi, alikuwa ametoka nyuma ya pazia kwa robo saa, akaushona mkono wa kulia mwenyewe.

"Uyu mukono, ni nani alishona?"

"Ni mi, yaya Kisimba," Huguette alijibu, akimwita kaka kwa heshima.

"Weye? Robe ya dada yangu, ile nguo ulimushonea Noeli, mikono yake ilikuwa inalegea kama mabawa ya kuku yenye kugongwa na kamyo."

Henriette alicheka mapema mno. Alisema mtoto hujifunza, kwamba Noeli ni zamani, kwamba kuna karanga za kuchemsha jikoni. Kisimba alizipokea karanga, akavuta kiti, akaketi akilielekea pazia, fimbo yake juu ya magoti.

"Basi shona na wa kushoto. Mi nangoja. Kama mikono yote mbili ni ya mutu moja, nitaona."

Mkono wa shati hukatwa mpana kuliko tundu linaloupokea. Kitambaa kinachozidi lazima kisambazwe juu ya bega, kidogo kidogo, kisionekane. Kikikusanyika mahali pamoja, bega linafanya mkunjo na kazi imeharibika. Hilo ndilo somo ambalo Huguette alikuwa hajawahi kulimudu. Mara mbili wiki hiyo aliushona mkono huu wa kushoto, na mara mbili mama Mianda aliufumua. Mwalimu alikuwa na njia moja: mishono mitano, kusimama, kulainisha kitambaa kwa ncha ya sindano, kisha mitano tena. Na kwa kuwa yeye alihesabu kwa Kiluba cha Kasai, mwanafunzi wake naye, binti wa hapa Katanga, hakujua kushona kwa hesabu nyingine.

Alitia mguu kwenye pedali. Umwe, ibidi, isatu, inayi, itanu. Akasimama, akalainisha. Alihesabu moyoni. Viganja vilikuwa na jasho, akavifuta kwenye kitenge chake ili visichafue kitambaa. Umwe, ibidi. Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti yoyote, na ukimya huo ulimtisha kuliko kikohozi.

"Unasema nini na midomo?" Kisimba aliuliza.

Mguu wa Huguette ulisimama. Hakukumbuka kama alikuwa ametoa sauti.

"Anasali, mwana wangu," Henriette alijibu. "Akishona husali."

"Asali na sauti, basi. Na siye tusikie."

Huguette alianza Baba Yetu. Hesabu ilipotea pale pale. Alikuwa amefika kwenye kilele cha bega, mahali penye kitambaa kingi zaidi, na kinywa chake kilikuwa kikiomba mkate wa kila siku. Hakuwa na namba ya kushika. Vidole viliendelea. Vilisimama, vikalainisha, vikasukuma. Yeye alivitazama kwa hofu, kama mtu anayetazama gari lisilo na dereva likishuka mteremko. Aliposema amina, sindano ilikuwa imefika kwenye kwapa la shati.

Kisimba alivaa shati mbele ya kioo kidogo cha ukutani. Alinyanyua mkono wa kulia, akanyanyua wa kushoto, akazungusha mabega. Alimwita Henriette aje aone nyuma. Alikula karanga zilizobaki, moja moja. Saa nane na dakika arobaini aliaga, shati mwilini.

Lori lilifika saa tisa na robo. Mama Mianda alipotoka, unga ulikuwa umezifanya nywele zake kuwa nyeupe. Huguette alitaka kumwambia mengi.

"Ulikata nyuzi?" mwalimu aliuliza.

"Nilikata, mama."

Akapanda. Wakamfunika kwa magunia matupu, lori likaondoka kuelekea kizuizini. Siku ile hakuna aliyeleta habari, na hakuna aliyeweza kuuliza.

Asubuhi Kisimba alirudi, mwenzake nyuma yake, kijana mnene aitwaye Ngoy, mwenye kitambaa kwapani. Naye alitaka shati. Huguette alimzungushia futi ya kupimia shingoni, na Ngoy aliongea hivyo hivyo, akimcheka mkubwa wake.

"Jana kamyo ya padri inapita, uyu anasema ni yeye mwenyewe atapanda kuangalia. Anafika, anaona makala. Anainua mikono juu kama mufungwa: shati yangu, shati yangu! Tukafungua njia."

Kisimba alimwambia afunge mdomo.

"Tulia, yaya," Huguette alimwambia Ngoy. "Shingo ikisema, inavimba."

Alisoma namba kwenye futi, akaisahau kabla ya kuiandika, ikambidi apime tena.