Mtu wa Kujaza Gari

Placide alipanda gari la Luberizi karibu kila asubuhi, na kwa miaka yote hiyo Luberizi hakufika. Kazi yake ilikuwa kujaza. Hapa Uvira gari huondoka likijaa, na hakuna anayependa kuingia katika gari tupu. Mtu akiona viti havina watu, anageuka kutafuta gari jingine. Kwa hiyo wenye magari huweka watu wao ndani, wakae kama wasafiri. Abiria wa kweli akija, mjazaji mmoja anashuka kimyakimya na kumwachia kiti.

Placide alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikaa dirishani, mfuko wake wa matambara magotini, akinung'unika kwamba dereva anatuchelewesha. Alijua hata kupunga mkono kama anayeagana na mtu. Mimi mwenyewe, kabla sijaanza kukata tiketi, alininasa siku moja. Nilimwonea huruma mzee wa watu, nikaingia, na nilipogeuka nimsalimie, hayupo.

Sasa, binti yake Divine aliolewa huko huko Luberizi, na Chadrack, mkulima wa mpunga. Placide hakumtaka Chadrack, na alitamka mbele ya watu kwamba mguu wake hautakanyaga kwake. Maji yakimwagika hayazoleki. Divine akazaa, na katika ukoo wao mtoto wa kwanza hupewa jina na babu yake. Alituma salamu kwa kila dereva: baba aje, mtoto hana jina. Placide alijibu kesho, na kesho tena, mpaka mtoto akaota meno watu wakimwita Bebe tu. Roho iliniuma kwa ajili ya mtoto huyo, na nilimwona Placide mtu mwenye moyo mgumu.

Kisha Abdoul-Karim akanunua basi. Kwao ni wafanyabiashara tangu babu zao walipokuja na biashara ya ziwani, na yeye alirudi kutoka mafunzoni na maneno mengi kuliko mizigo. Alimwajiri Sumaili aendeshe na mimi, Raïssa, nikate tiketi, akatukalisha chini kutufundisha. Horaire ni saa iliyopangwa: basi litaondoka saa moja, limejaa au halikujaa. Battement ni muda ambao basi linapumzika mwisho wa njia kabla ya kugeuza. Haut-le-pied ni basi kwenda tupu kwa makusudi, likachukue watu wanaongoja upande wa pili. Kwa hilo la mwisho kituo kizima kilicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, nilitaka mengine zaidi. Napenda kujua kila kitu kinaitwaje. Nikamwuliza, na mtu anayekaa garini bila kusafiri, yeye anaitwaje? Abdoul-Karim alifikiri sana, akasema kwenye horaire mtu kama huyo hayupo.

Asubuhi ya kwanza wajazaji walipanda kama siku zote, bila kuitwa na mtu. Mazoea yana taabu. Abdoul-Karim aliwaambia washuke, basi hili linafuata saa, wakamwona anatania. Gari liondoke na viti vitupu, nani aliyewahi kuona? Saa moja ilipogonga, Sumaili akatia gia. Ndipo wakarukia mlangoni wakisukumana, wakitutukana sisi na saa yetu. Placide peke yake hakuinuka. Alikuwa anatazama nje, mfuko magotini.

Tulipopita Kavimvira nilimwendea, nikamweleza kwa heshima kwamba gari limekwisha kuondoka. Akasema anaona. Ni mzee, sikuweza kumbana, lakini udadisi ulinila. Amepitiwa? Anaumwa? Au anataka kumwaibisha Abdoul-Karim kwa jambo nisilolijua?

Sange, kituo cha kabla ya Luberizi, tulisimama. Placide aliinuka, akakumbatia mfuko wake, akageuka kuviangalia viti vya nyuma. Vingi bado vilikuwa vitupu. Akakaa tena.

"Baba Placide, weye unashuka hapa?"

"Gari haiyajaa," akasema.

Jibu gani hilo? Nililigeuzageuza kichwani mpaka Luberizi, na sikupata pa kulishika.

Luberizi wote walishuka, isipokuwa yeye. Battement ikaanza. Divine akaja na mtoto mgongoni, kama alivyolijia kila gari kutoka Uvira, akaanza kunipa salamu zake zilezile za kumpelekea baba yake. Katikati ya maneno akamwona dirishani. Kazi ya baba yake aliijua, sote tunaijua.

Aliingia, akasimama mbele yake.

"Baba, weye iko unaenda wapi?"

"Hapa."

"Na mbona leo?"

Abiria wa kurudi Uvira walikuwa wameanza kupanda, nami nilipaswa kuwakatia tiketi, lakini sikuweza kubanduka pale.

"Kila siku nilikuwa najiambia: leo kama hakuna muntu wa kukamata hii kiti yangu, naenda. Kila siku muntu anakuja." Akaufungua mfuko. "Leo hakuna muntu alikuja."

Mfuko ule sote tulijua ni wa matambara. Ndani mlikuwa na kitenge kimoja, kimekunjwa vizuri, rangi zake zimeanza kufifia kwenye mikunjo. Divine alikipokea, akakinusa, akaanza kulia. Kilikuwa cha marehemu mama yake, alichombebea yeye alipokuwa mtoto. Nami niliona aibu kwa yote niliyomfikiria yule mzee. Asubuhi zote zile alikuwa anasafiri kweli, na sisi ndio tuliokuwa tunamshusha.

Hata hivyo hakuinuka. Alikaa tu, mikono juu ya mfuko mtupu, kana kwamba bado anangoja ruhusa. Saa ilikuwa inakwisha. Kisha mama mmoja mwenye gunia la mchele akafika kwenye safu ile, akauliza kama pale pana mtu.

Placide alisimama palepale, kama alivyozoea, akamwachia kiti. Akashuka.

Niliwaona kupitia dirisha. Divine alimfungua mtoto mgongoni, wakamzungushia kile kitenge, na babu akamchukua mikononi. Akainama sikioni mwake, midomo ikacheza. Nilikimbilia mlangoni nisikie anamwitaje. Lakini saa yetu ya kurudi ilikuwa imefika, na Sumaili, mtu wa kufuata horaire, akaondoa gari. Mimi ninayependa majina ya vitu vyote, hilo moja sikulisikia, na nilimnunia Sumaili mpaka Uvira.