Kikosi Kisichovunja Mstari

Mimi Rashid Tinga sijui kujifanya mnyenyekevu. Kikosi changu cha makadeti wa Mtongwe kilikuwa bora upande wote huu wa feri, na asiyeamini angekuja Jumamosi saa mbili asubuhi, aone vijana arubaini wakipiga mguu chini kwa kishindo kimoja. Wenye maduka waliwaacha wateja wakaja kutazama. Kisauni nao walijaribu kuanzisha chao. Nilikwenda kuwaona, nikarudi nikicheka njia nzima hadi Likoni.

Nilikianzisha mwaka niliostaafu jeshini, kwa kuwa nilichoka kuona watoto wa mtaani kwetu wakishinda vibarazani na kuogopwa na majirani waliowalea. Niliwapa buti, bereti na sheria moja niliyoitunga mwenyewe: havunji mtu mstari mpaka Sajini, yaani mimi, aseme. Nzi akikutulia puani, tazama mbele. Mwenzako akianguka, tazama mbele. Atainuliwa gwaride likiisha.

Basi mzazi mmoja akaandika barua. Mwanawe alizirai juani, tukamwacha chini dakika kumi. Ofisi ya vijana ikamleta mkaguzi, Bi Emmaculate, mwanamke mfupi wa Changamwe mwenye viatu vya raba na daftari kwapani. Hakuzunguka maneno. Angekuja mara mbili, na mara ya pili akikuta mambo ni yale yale, kikosi kingefungwa.

"Karibu," nikamwambia. "Kagua mpaka uchoke."

Nikamtolea gwaride ambalo hata mimi lilinisisimua. Yeye hata nyusi hakuinua. Lilipokwisha akaniomba jambo la ajabu.

"Mzee Rashid, waweke mguu sawa, kisha uende zako nusu saa. Usiwaambie kitu."

Nikaenda nyumbani. Mke wangu, Mwanatatu, akanimiminia chai, nami nikakaa kujisifu.

"Leo ataona," nikasema.

"Wataka aone nini?"

"Kwamba hapana atakayetikisika!"

"Haya," akasema. Hiyo "haya" ya Mwanatatu naiogopa kuliko matusi.

Niliporudi uwanjani niliwakuta vile vile nilivyowaacha, na fahari ikanipanda mpaka kooni. Kisha nikamwona Kache, binti wa miaka kumi na saba, katika mstari wa pili. Damu ilikuwa imemtoka puani ikalowesha kifua cha shati la kaki. Bi Emmaculate alikuwa akimfuta kwa leso yake mwenyewe, naye Kache akitazama mbele utadhani anayefutwa ni mtu mwingine.

"Nimewaambia waketi, mara tatu," mkaguzi akasema. "Nimemwambia huyu wa kando amshike mwenzake. Hakuna aliyesogea."

"Hawasikii amri ila yangu." Na wallahi nililisema hilo kwa kujivuna.

"Na siku ambayo wewe hupo?"

Nikageuka kuwatazama. Huyo wa kando alikuwa Munga, kijana mwema ambaye kwao ndiye anayemlisha bibi yake kwa kijiko. Machozi yalimlengalenga, lakini mikono ilikuwa imebana mapajani kama nilivyomfundisha. Nilimfundisha mimi, si mwingine. Niliona haya, haya ya kweli, nikawaambia waketi.

Bi Emmaculate aliniachia miezi mitatu na ukurasa mmoja wa maagizo. Nikaurusha mezani. Siku mbili nilinuna, ya tatu nikaufungua. Sheria mpya ilikuwa nyepesi kusema: yeyote akiona mwenzake ana taabu, atoke hatua moja mbele, aseme anachokiona, na jambo likiwa la haraka, ashike amri yeye, wengine wamfuate.

Kusema ni rahisi. Jumamosi ya kwanza nilimwagiza kadeti mmoja ajitie kuzirai, akalala chini kifudifudi kwa ustadi mkubwa. Wote macho mbele. Mwisho Munga akatoka jasho, akapiga saluti.

"Afande, naomba ruhusa ya kutoka bila ruhusa!"

Nilicheka mpaka nikaukalia mchanga, nao wakacheka, mara ya kwanza kucheka pamoja uwanjani pale. Tangu hapo mambo yakaanza kufunguka, polepole, kwao na kwangu. Kila Jumamosi mtu "alizirai", na kila Jumamosi waliwahi mapema kidogo.

Siku ya ukaguzi wa pili ikafika. Wazazi walijaa pembeni mwa uwanja, Bi Emmaculate kaketi miongoni mwao na daftari lake. Bosi wake naye alitakiwa kufika saa tatu. Ikafika saa nne, hayupo. Ikapita saa nne na nusu, nami bado nimewaweka mguu sawa kwenye jua la mwezi wa pili, kwa sababu nilitaka gari lake likiingia likute mistari imenyooka. Naam, miezi mitatu ya mafunzo, na mkaidi alikuwa mimi.

Kache akatoka hatua moja mbele.

"Afande! Wenzangu watatu wa nyuma wayumba. Naomba tukae kivulini tupewe maji."

"Dakika kumi tu," nikamnong'oneza. "Mgeni kashavuka feri."

"Si dakika kumi, afande. Sasa."

"Rudi mstarini!"

Sauti yangu ilifika barabarani. Kache midomo ilimtetemeka, nikaiona, lakini hakurudi. Aligeuka nyuma, kisigino kikalia sawasawa, akawakabili wenzake.

"Kikosi, mguu pande! Wote kivulini, mstari wa nyuma kwanza! Munga, maji!"

Wakatii, vijana arubaini kwa kishindo kimoja.

Nikabaki peke yangu katikati ya uwanja na fimbo yangu kwapani. Damu ilinichemka. Miaka kumi hajawahi mtu kunikaidi pale, na leo nakaidiwa mbele ya mkaguzi! Nikajua tumekwisha, kikosi kimefungwa, na aliyekifunga ni mimi na ubishi wangu.

Kisha nikatazama vizuri. Munga alikuwa amewafungua vifungo vya shingoni wale watatu, akiwanywesha mmoja mmoja. Wengine wameketi kwa safu, bereti magotini, kila mmoja amekwisha kumwangalia wa kulia na wa kushoto. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyenicheka. Hasira ikanitoka, nikajikuta nataka kuwapigia kelele wazazi wote pale: hawa ni wangu! Kisigino kile nilikifundisha mimi!

Gari la mgeni likaingia na kukuta uwanja mtupu. Bi Emmaculate akaliendea, akainama dirishani, wakasemezana. Kisha akanijia.

"Nimemwomba asubiri. Kikosi kinapumzika."

"Na uamuzi wenu?"

"Niliuandika yule binti alipokataa kurudi mstarini." Akanionyesha ukurasa. Kiendelee, aliandika, na chini yake akapiga mstari mara mbili.

Nikajitia kurekebisha mkanda. Nilipoinua macho, Kache alikuwa mbele yangu na kikombe cha maji, wima, uso mkavu kama wa sajini.

"Afande, nawe u juani tangu asubuhi. Kaa kivulini unywe."

Tangu nistaafu sijapokea amri ya mtu yeyote, ukimtoa Mwanatatu. Nilibana visigino.

"Ndio, afande," nikamjibu, nikaenda kuketi mwisho wa safu, karibu na Munga.