Pampu Isiyokabwa

Katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, kila fundi anajisifu, na wengi wanajisifu bure. Stanislas hakujisifu bure. Mpelekee pampu iliyoliwa na mchanga mpaka tumbo lake limekuwa jembamba kama karatasi, naye ataizunguka, ataigonga kwa kifundo cha kidole, kisha atakwambia ilikuwa inavuta nini na mwendeshaji wake ni mvivu kiasi gani. Pampu za dukani, alipenda kusema, zimetengenezwa na watu wanaodhani maji ni maji. Maji ya Katanga yana mawe ndani. Kwa hiyo pampu ikiingia karakana kwake alikuwa akiifumua yote, anaivika ndani mpira mnene uliokatwa kwenye mikanda ya kubebea mawe, anaichomelea chuma kigumu kila mahali mchanga unapouma, na ikitoka hata aliyeiunda asingeitambua.

Pampu ya Kalaba ndiyo iliyompa sifa kuliko zote, na ndiyo tunayoisimulia hapa.

Huyu Kalaba alikuwa anaosha lundo la kale la mabaki ya shaba, upande wa barabara ya Kinsevere. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mtu mmoja anasimama chini ya ukingo wa lundo na bomba la maji ya nguvu, wenyewe wanaliita lansi, anaupiga udongo mpaka unayeyuka. Tope linateremka shimoni, na pampu inalivuta hadi juu kwenye mabirika ya kuoshea. Taabu ni kwamba tope lile lilikuwa na kokoto, mizizi na vyuma vya zamani, na pampu ilikabwa koo kila mara. Ikikabwa, lansi inafungwa, watu wanapanda juu, wanapiga soga, mmoja anashuka kutoa jiwe, wanaanza tena. Kalaba akiwaona wamekaa hivyo alikuwa anahesabu hasara. Akamletea Stanislas pampu na neno moja tu: isisimame tena.

Mwenye lansi alikuwa Guelor, mume wa Séphora, binti wa mwisho wa Stanislas. Ndiyo maana Stanislas aliipokea kazi ile kwa moyo wote. Alijua pampu nzuri ni chakula kwenye nyumba ya mwanawe.

Sasa lazima niseme jambo la ukwe, maana bila hilo mtamwona Guelor mjinga, naye hakuwa mjinga. Stanislas alizaliwa Lubumbashi na akazeekea Lubumbashi, ila mambo ya ukwe aliyashika vilevile kama babu yake alivyokuja nayo kwa treni kutoka Kasai. Mkwe hampi baba mkwe mkono. Anamsalimu kwa mbali, magoti yamekunjwa kidogo, macho chini. Hali naye sahani moja. Na ombi lake akilitoa mara moja likakataliwa, limekwisha. Kulirudia ni kumtukana mzee mbele ya watu wake. Guelor alikuwa mtu wa Kasenga, alijifunza hayo ukubwani kwa ajili ya Séphora, na aliyashika vizuri kuliko wana wa kuzaliwa. Stanislas alikuwa anamsifia hilo kila mahali, hata kanisani.

Siku moja Guelor akaja karakana peke yake. Stanislas alikuwa amelaza turbini mezani, lile gurudumu la mabawa linalozunguka ndani ya pampu, anapunguza mabawa ili mawe yapate njia. Chini sakafuni kulikuwa na wavu wa chuma unaokaa mdomoni mwa bomba la kuvutia. Alikuwa amekwisha kuukata. Wavu, kwa maoni yake, ni wa pampu zinazoogopa.

Guelor alisimama mlangoni, akasalimu, akauliza habari za nyumbani, akasifu kazi. Kisha akabaki. Stanislas aliona kwamba kijana ana neno, akazima mashine ili amrahisishie.

"Papa, minaomba," Guelor akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Ile pompe, muiache isimamake kidogo. Kama inasimama, tunasikia udongo. Udongo unaliaka mbele ya kuanguka. Kama haisimame, hatutasikia kitu."

Stanislas alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Akamwambia kwamba amefungua pampu kabla ya yeye Guelor kuota meno, na hajaona bado mtu anayeomba aachiwe ugonjwa. Wakitaka kupumzika wamwombe Kalaba mapumziko, wasijifiche nyuma ya jiwe. Fundi anayefanya kazi nusu kwa makusudi ni mwizi. Alisema mengi, maana alikuwa na furaha ya kazi na alipenda kusikilizwa.

"Ndiyo, Papa," Guelor akasema.

Akabaki pale mlangoni kitambo, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyebakiza tonge. Stanislas aliuona mdomo ule. Alijua kuna neno la pili ndani yake, na alijua pia kwamba halitatoka, na moyoni alimpongeza kijana kwa adabu. Akawasha mashine. Alipoinua kichwa tena, mlango ulikuwa mtupu.

Pampu ilipofungwa shimoni, watu walikuja kuitazama. Ilimeza kokoto kama mtu anavyomeza bukari, ugali wetu, bila kutafuna. Ilimeza mizizi, ilimeza vipande vya chuma, haikukohoa. Kalaba alimwita Stanislas fundi wa mafundi, na Stanislas akakubali bila kujitetea. Lansi haikufungwa tena tangu asubuhi hadi jua linaposhuka. Guelor aliukata ukingo kwa chini, siku baada ya siku, mpaka ukaning'inia juu yake kama paa la baraza. Ngurumo ya pampu ilikuwa kubwa kiasi kwamba wenzake walimwita kwa kumrushia bonge la udongo.

Ukingo ulianguka alasiri moja isiyo na hata mvua ya kuisingizia.

Djo, aliyekuwa akiangalia pampu, ndiye aliyempigia simu Stanislas, na kwenye simu Stanislas alisikia pampu kabla ya kumsikia mtu. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alikuwa anamwomba Mungu kwa Kiluba, lugha aliyoitumia kwa Mungu na kwa hasira tu.

Alimkuta Guelor hai. Hilo ndilo lililomvunja baadaye, kwamba alimkuta hai. Tope lilikuwa limemsukuma hadi shimoni na kumbana mpaka kwapani. Uso wake ulikuwa wa kijivu, akipumua kwa haraka na kwa juu juu. Watu walikuwa wanatupa mbao juu ya tope ili wamfikie. Na Djo, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameiacha pampu inavuta, akidhani itapunguza tope na kumwachia.

Stanislas aliangalia mahali bomba lilipoingia, akaangalia alipo Guelor, akaelewa. Mdomo ule haukuwa na wavu. Kile alichokitengeneza kumeza kila kitu hakikujua tofauti ya mzizi na mguu, nacho kilikuwa kinamvuta kijana taratibu kuelekea kwake. Alimkimbilia Djo, akamsukuma, akaizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kukawa kimya. Baada ya majuma mengi, kimya cha kwanza mahali pale.

Alitambaa juu ya mbao kwa tumbo, mzee mzima, suruali ya kazi imejaa tope, mpaka akamfikia. Guelor alinyoosha mkono. Tangu amwoe Séphora hawakuwa wameshikana mikono hata siku moja, na Stanislas aliushika kwa mikono yake yote miwili akaanza kuvuta. Hakukuwa na cha kuvuta. Tope lile likishamshika mtu ni saruji. Djo na wenzake walikuwa nyuma yake na majembe, wanachimba, na kila walichochimba kilirudi.

"Papa, musikie," Guelor akasema.

Stanislas akasikia. Juu yao, ndani ya sehemu ya ukingo iliyobaki, kitu kilikuwa kinavunjika kidogo kidogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu kwa mbali. Kikanyamaza. Kikaanza tena, karibu zaidi. Hakuhitaji kuelezwa ni nini. Nyuma yake majembe yalikwisha kuanguka na watu wanapanda juu, kwa kuwa wao sauti ile waliijua, Guelor ndiye aliyewafundisha.

"Mutoke, Papa."

Stanislas alisema hatoki.

"Mutoke," Guelor akarudia. Alimtazama usoni, sawasawa, macho kwa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kinywa chake kilisema hivyo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekaza, vimekaza sana, na havikusema hivyo.

Stanislas alitoka. Alikuwa hajafika juu vizuri ukingo uliposhuka wote, na uliposhuka haukubakiza hata ubao mmoja.

Kilio kilikuwa nyumbani kwa Guelor, mtaa wa Hewa Bora. Watu wa Kasenga walikaa upande mmoja wa kiwanja, watu wa Kasai upande mwingine, kama inavyokuwa. Kalaba alituma magunia ya unga na salamu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Siku ya familia mbili kuketi pamoja, Chilufya, mjomba wa marehemu, alisimama na kuuliza kile ambacho watu wake wana haki ya kuuliza: nini kimemuua mtoto wetu?

Hakuna aliyetegemea jibu. Kwa kawaida swali lile linajibiwa kwa kuinamisha vichwa. Stanislas akasimama. Akawaambia kuhusu pampu, wavu, na turbini. Akawaambia kwamba kijana alikuja kumwomba mara moja aiache isimame, naye akamcheka, na kwamba aliona neno la pili mdomoni mwake akafurahi halikutoka. Alisema yote bila kujipunguzia.

Minong'ono ilikuwepo. Mwanamke mmoja wa Kasenga alilaani kwa sauti. Lakini Chilufya akasema kazi ni kazi, na aliyeagiza ni Kalaba, na mzee aliyejishitaki mwenyewe hashitakiwi tena. Stanislas akahisi kifua kinafunguka. Alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na akaona aibu kwa kupumua.

Séphora alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, kati ya mama yake na mama wa Guelor. Siku zote hizo hakuwa amesema kitu cha kueleweka. Sasa akainua uso.

"Papa," akasema, "Djo anasema mulimushika mukono."

"Nilimushika."

"Mupaka mwisho?"

Mama yake alimgusa bega anyamaze. Séphora alikuwa anangoja jibu, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichofanana na shukrani, maana ndicho kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho: kwamba bwana wake hakufa peke yake. Djo hakujua zaidi, alikuwa amekwisha kukimbia. Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu. Hakuna mtu kwenye kiwanja kile ambaye asingependa Stanislas aseme ndiyo.

"Hapana, mama," akamwambia binti yake. "Ni yeye alinishika. Bidole byake nilibitoa, kimoja kimoja."

Séphora akageukia ukutani. Wanawake wa pande zote mbili wakaanza kulia upya, na Stanislas akabaki amesimama katikati ya kiwanja, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.