Waandike Nini Kwenye Mfuko wa Unga

Wateja walimwita Bi Chekeche, na si kwa sababu ya unga peke yake. Kila neno aliloambiwa alilichekecha kwanza, akatoa pumba, ndipo akajibu. Mashine yake ya kusaga mahindi ilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, katika chumba kimoja chenye kuta zilizogeuka nyeupe kwa vumbi la unga. Kwa miaka thelathini alikuwa akisaga, akipima na kushona midomo ya mifuko kwa mkono wake.

Nyumbani aliishi na mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo wanawake hao wawili ndio waliokuwa nyumba hasa. Mkwe alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mbegu. Kutwa nzima alichukua chavua ya hindi hili akaipaka kwenye ndevu za hindi lile, kisha akalifunika kwa mfuko wa karatasi. Wenzake wakambatiza Nyuki, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Ugomvi wao, kama unastahili kuitwa ugomvi, ulianza siku mwalimu wa shule ya msingi alipofika mashineni kununua unga kama kawaida yake.

"Bi Chekeche, huu ni wa yale mahindi mapya? Yale yaliyobadilishwa vinasaba?"

Bi Chekeche akauchota unga kidogo, akautazama. "Sijui, mwalimu."

Hakuwahi kusema hivyo juu ya unga wake. Mwalimu hakukasirika, ila hakununua. Aliaga kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomuuma mama wa watu.

Asubuhi yake, wakinywa uji, akauliza: "Nyuki, mahindi ninayosaga, yamo yale yenu?"

"Yamo, mama. Wakulima wako walichukua mbegu zetu msimu uliopita. Huoni hayana matundu ya viwavi?"

Kijiko kikasimama njiani, kati ya bakuli na mdomo. Bi Chekeche akakitazama, akamtazama mkwe, kisha akala.

"Kumbe ndiyo maana siku hizi sipepeti funza. Lakini ungeniambia."

"Hukuuliza, mama."

"Na mteja wangu amuulize nani? Mfuko hauna mdomo."

"Unao. Wewe mwenyewe ndiye unayeushona."

Wakacheka wote wawili, lakini Bi Chekeche hakulisahau.

Wiki hiyohiyo likatangazwa pendekezo la kanuni mpya: kila chakula chenye mazao yaliyobadilishwa vinasaba kiandikwe hivyo kwenye lebo. Wananchi waliitwa ukumbini kutoa maoni, kila mtu dakika tatu. Kituo cha utafiti kikamchagua Nyuki akapinge. Bi Chekeche naye, bila kumwambia mtu, akaenda kujiandikisha kuunga mkono. Kila mmoja alijua ya mwenzake siku majina yalipobandikwa ukutani, moja juu ya jingine.

"Mama! Unakwenda kunipinga mbele ya watu?"

"Nani kakutaja? Mimi nakwenda kusema habari za unga wangu."

"Mtu akiona maneno hayo kwenye mfuko, atasoma sumu. Tumeyapima mahindi yale miaka kumi. Mahindi ni mahindi."

"Na mkwe ni mkwe. Lakini mimi nina wangu na jirani ana wake, na siku akinibadilishia bila kunijulisha, patachimbika."

Nyuki alitaka kununa, akashindwa. Jumamosi mchana walikaa meza moja, kila mmoja akiandika hotuba yake. Bi Chekeche aliziba karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Mara moja tu aliinua kichwa.

"'Fahari' inaandikwa kwa h?"

"Kwa h, mama."

Siku ya kikao walitoka pamoja, Nyuki akimshika mkono kwenye ngazi, maana miaka miwili nyuma Bi Chekeche alivunjika nyonga na mguu haukurudi sawasawa. Mlangoni kulikuwa na msukumano. Miwani ikamtoka Bi Chekeche, na kabla Nyuki hajainama, kiatu cha mtu kilishaimaliza.

Jina lake lilikuwa la tatu. Akasimama mbele ya kipaza sauti, akaisogeza karatasi karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "maneno ninayo. Macho ndiyo yamekanyagwa hapo mlangoni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati, akitazama saa, akasema aliye tayari na afuate. Aliyefuata alikuwa Nyuki. Akainuka na karatasi yake mkononi. Mkuu wake wa kazi, aliyeketi safu ya mbele, akamwitikia kwa kichwa kumtia moyo.

Nyuki akafika, akamwona mama yake mkwe amesimama palepale, kidevu juu, karatasi mkononi. Akaikunja ya kwake, akaitia mfukoni.

"Naomba kwanza nimsomee huyu mama. Hata nisipokubaliana naye, ni zamu yake."

Akasoma. Alisoma vizuri, bila kumeza neno, kama yake mwenyewe. Alisoma habari za mwalimu, na aibu ya kusema sijui. Alisoma kwamba msaga unga ni shahidi wa kilichomo mfukoni, na shahidi hafai kuwa bubu. Kisha akafika mahali ambapo penseli ilikuwa imekandamizwa sana.

"'Mahindi haya yameoteshwa na mikono ya mkwe wangu. Mikono hiyo naijua. Ndiyo iliyoniogesha miezi minne nilipovunjika nyonga. Siiogopi, na chakula ilichokigusa nakila kila siku. Kwa hiyo nasema kiandikwe. Kitu cha aibu hufichwa. Hiki kwangu ni...'"

Nyuki akainua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama mama mkwe.

"Fahari," Bi Chekeche akammalizia. "Kwa h."

Zamu yake ilipofika, Nyuki hakuitoa karatasi ya kituo. Alisema bado anaogopa lebo, hasa zile nyekundu zenye alama za hatari, kwa sababu zitawafukuza watu kutoka kwenye chakula salama, na wakulima watarudi kupulizia dawa mashamba mazima. Lakini kama lazima iandikwe, basi iandikwe kwa herufi za kawaida na maneno ya kawaida: ni mahindi gani, na yamebadilishwa nini. Mkuu wake hakumpigia makofi. Kesho yake alimwita ofisini akamwambia amechanganya familia na kazi. Nyuki akajibu, "Ndiyo, mkuu, nimechanganya," akarudi shambani kwenye mahindi yake.

Miezi ikapita, kanuni ikatoka. Haikuwa ya mama wala ya mkwe. Iliagiza maneno yawekwe nyuma ya mfuko, chini ya tarehe ya kuharibika.

"Herufi za sisimizi hizi!" Bi Chekeche alifoka, miwani mipya puani. Akaagiza mhuri wa mpira, herufi kubwa. Walibishana siku tatu juu ya maneno, hadi dereva aliporudi safari, akawasikiliza kidogo, akaenda kulala. Mwishowe wakakubaliana: *Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yasiliwe na viwavi. Una swali? Uliza.* Kando wakaweka mifuko ya unga wa mahindi ya mbegu za zamani kwa atakayeutaka, na Nyuki akawa anakaa mashineni kila Jumamosi kujibu.

Walioacha kununua walikuwepo. Waliouliza walikuwa wengi zaidi, na mmoja alitaka kujua kama akiyala, minyoo ya tumboni nayo itakufa.

Mwalimu naye akaja. Akausoma mhuri polepole, akauliza maswali sita, akachagua mfuko wa mahindi ya zamani. Nyuki akaufunga nyuma ya baiskeli ya mwalimu kwa kamba. Mwalimu alipanda, akashuka tena.

"Naweza kuwaleta wanafunzi wangu huko kituoni wakaone?"

"Karibu sana, mwalimu."

"Na mimi," Bi Chekeche akadakia kutoka ndani. "Miaka saba mkwe wangu anatoka asubuhi, sijawahi kuona anakokwenda."

Alhamisi iliyofuata, watoto arobaini walipita kati ya mistari ya mahindi, na nyuma yao bibi mmoja aliyevaa koti jeupe la wageni lililomfika magotini. Alikuwa akichechemea na kushika kila jani. Kila alipomkuta mfanyakazi alisimama, akamwonyesha Nyuki kwa kidole, akasema, "Yule ni wangu."