Wa Juu Anazima

Droo ya vijiko nyumbani kwa Kamba haikuwa na vijiko. Ilikuwa na tochi. Tochi ndefu kama rungu la mlinzi, tochi fupi kama kidole gumba, tochi ya kuvaa kichwani, nyingine imefungwa mpira wa baiskeli kiunoni ili isitapike betri. Vijiko vilishahamia kwenye kikombe juu ya friji, na mkewe alikuwa amechoka kuuliza, ila akawa anauliza hivyo hivyo.

"Baba watoto, unafungua duka?"

"Hizi zote mbovu."

"Mbovu? Hii hapa imenimulika mpaka kwenye ubongo!"

Kamba akaifunga droo. Angejibu nini? Kwamba tochi zote zile ni nzima?

Basi ijulikane tu mapema. Kamba alikuwa fundi wa lifti, na jina hilo walimpa wenzake kazini kwa sababu ya zile kamba za chuma zinazobeba lifti, ambazo alizishika maisha yake yote kiasi kwamba viganja vyake vilikuwa vimeota sugu kama nyayo. Na macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alimkalisha kwenye kiti, akamwambia atazame mbele, aseme akiona kidole kikitokea pembeni. Kamba akasubiri kidole. Kidole kikachelewa. Kilipotokea kilikuwa kimeshafika karibu na pua.

Daktari akasema macho yanafunga kuanzia pembeni, taratibu, kama mtu anavyoshusha mlango wa duka, na gizani ndiko yatakakokwisha kwanza. Dawa? Akatikisa kichwa. Miwani? Akatikisa tena. Kamba akamshukuru kwa heshima zote, akatoka, akamgonga mama mmoja bega pale mlangoni, akaenda moja kwa moja kununua tochi.

Hakumwambia mtu. Fundi wa lifti asiyeona gizani ni fundi wa nini? Kazi yenyewe iko shimoni. Na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, hata ya kuigiza.

Ila mambo hayafichiki milele. Wiki ile alikanyaga pembeni ya boriti, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja kama nguo iliyosahauliwa juani. Msimamizi akaona.

"We Kamba, vipi?"

"Tochi, bosi. Inanizimikia."

"Basi tafuta tochi ya maana. Nikikuona tena unapapasa humu ndani, tafuta na kazi nyingine."

Ndivyo Kamba alivyojikuta mchana wa jua kali kwenye uchochoro wa wauza vifaa vya umeme, na shemeji yake pembeni. Shemeji huyo, mdogo wake mkewe, ndiye alikuwa mwenzake wa kazi. Walimwita Redio. Alikuwa haongei tu, anatangaza. Na akichoka kuongea anaimba.

Kibanda walichoingia kilikuwa cha mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, Mama Betri, na katikati ya kibanda alikuwa ameweka pipa. Limelazwa chini, ndani limepakwa rangi nyeusi, mdomoni limening'inizwa blanketi. Hapo ndipo wateja walipojaribia tochi mchana.

"Ingiza kichwa," alisema Mama Betri. "Usiogope, wenzako waliingia na wakatoka."

Redio akajitosa wa kwanza. Sauti yake ikatoka humo nzito kama tangazo la msiba. "Naona... naona mchumba wangu... anakuja... mzuri kweli... ah, kumbe mende."

"Huyo mende umemzidi nini?" Mama Betri akauliza. "Toka, mpishe mwenye shida."

Kamba akaokota tochi moja, akaanza kusoma boksi. Mama Betri akampokonya.

"Boksi usisome. Hizo namba za mwanga ni za kujiandikia, kila mmoja anaandika kubwa kuliko jirani yake. Washa, iache inawaka, tupige soga. Kuna tochi hapa dukani ni jua kabisa, ukifika pale kona imekuwa njiti ya kiberiti."

Wakaziwasha, wakaziacha, wakapiga soga. Yaani Redio alipiga soga, wao walisikiliza. Kweli, baada ya muda tochi moja iliyokuwa inajidai ikaanza kusinzia, nyingine ikapata moto hadi haishikiki. Mama Betri akazitupa kando.

"Na ya kuchaji je?" Kamba akauliza.

"Tamu. Lakini hizi za bei yako betri imeshonewa tumboni, siku ikifa unazika na mwili. Wewe mtu wa kazi, chukua inayokula betri za kawaida, zile hata muuza karanga anazo. Plastiki usichukue. Na swichi iwe ngumu, isijiwashe mfukoni ukamaliza betri kwa kumulika funguo."

Akaiangusha moja sakafuni, akaitumbukiza kwenye ndoo, akaitoa inawaka inadondosha maji. Hiyo ndiyo akampa Kamba.

"Hii haitupi mbali. Hii inamwaga. Ingia uone."

Kamba akaingiza kichwa, blanketi likamfunika shingo. Akawasha. Na wallahi aliona. Aliona misumari ya pipa kulia, akaona misumari kushoto, akaona pale rangi ilipobanduka, utando wa buibui, kila kitu mahali pake. Kifua kikamjaa. Alikaa humo muda mrefu kuliko adabu, mpaka Redio akamgonga mgongoni kuuliza kama wamwekee mto. Sasa lile pipa upana wake ulikuwa kama mabega ya mtu. Hilo Kamba hakulifikiria.

"Nachukua hii," alisema alipotoka, macho yamemlowa.

"Lakini shem," Redio akasema wakiwa njiani, "wewe taa kubwa hivi ya nini? Wewe si wa juu? Wa juu anazima."

"Kuna kabla ya kuzima, na kuna baada ya kuzima. Acha kunichosha."

Redio akacheka. Ila alikuwa kasema neno lenyewe. Ndani ya shimo la lifti simu haishiki, na ukipiga kelele lifti ikitembea, kuta zinaitafuna sauti na kuitema vipande vipande. Kwa hiyo mafundi wanaongea kwa tochi. Mmoja anakaa juu ya paa la lifti, ana kiboksi cha vitufe mkononi. Mwingine yuko chini kabisa, sakafu ya shimo, anasafisha, anapaka grisi. Wa chini akiwasha taa na kuituliza, maana yake shuka. Akiizima, simama. Na wa juu, kabla hajabonyeza chochote, anazima ya kwake, ili shimo zima libaki na taa moja tu ya kuamini. Wa juu anazima, wa chini anawasha. Fundi mpya anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo.

Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye jengo la maofisi. Milango ya lifti imewekewa mnyororo, wafanyakazi wanapanda ngazi huku wanalaani. Msimamizi akaiona tochi mpya, akaiomba, akamulika dari ya ukumbi mzima.

"Sasa hii ndiyo tochi! Mnaona nyie wenye vibatari? Igeni."

Kamba akatabasamu. Zilikuwa siku nyingi hajasifiwa.

Kule chini shimoni kulikuwa na maji. Yalikuwa yanachuruzika kutoka ukutani tangu masika, mafundi walisema, wakaambiwa fundi bomba atakuja. Na kile kitufe chekundu cha huko chini, cha kusimamisha lifti ukiona mambo yameharibika, kilikuwa kimekufa siku nyingi. Walisema pia. Wakaambiwa kinaletwa.

"Nimefika!" Redio alipaza sauti. "Maji ya kifundo! Nikimkamatia dada samaki, nitakupa wewe umpelekee!"

Kamba akiwa juu ya paa la lifti akazima tochi.

Giza likamkalia. Wengine wakizima huwa wanasubiri kidogo, macho yanazoea, kunaanza kuonekana ukingo, kamba, taa ya mwenzako. Kamba akasubiri. Akasubiri tena. Ilikuwa kama kufunikwa godoro. Alijua Redio amewasha, alisikia anaimba, lakini mbele ya macho yake hakukuwa na kitu, hata kidoa.

Akawasha tena. Kwa kuificha, eti. Akailaza pembeni ya kiatu chake, mdomo wa tochi umeelekea chini kwenye ule upenyo kati ya lifti na ukuta. Nani angejua? Sasa aliona reli, aliona kamba, na chini kabisa akaiona taa, nyeupe, ya duara, imetulia tuli. Akabonyeza. Lifti ikashuka polepole. Taa imetulia. Akaachia, akangoja, akabonyeza tena. Taa imetulia. Moyo wake ukaanza kushuka mahali pake. Inawezekana, alijiambia. Kumbe inawezekana. Kwa tochi hii naweza kufika mbali tu.

Chini, lifti imeshakaribia kabisa, kitambaa cha kusafishia cha Redio kilinasa nyuma ya ile springi kubwa ya chuma inayopokea lifti. Akazima taa, kama inavyotakiwa, akaitia mfukoni, akaingiza mkono kukivuta. Alikuwa anaimba.

Kamba akatazama chini. Taa imetulia.

Akabonyeza.

Wimbo ukakatika katikati ya neno, na kilichofuata hakikuwa sauti ambayo Kamba aliwahi kuisikia kwa shemeji yake. Akaachia kitufe. Lifti ikasimama, lakini kwanza ilimalizia kushuka kidogo, kadiri ya unene wa mkono.

"Redio! Redio! Taa yako si inawaka?"

Hakujibiwa neno, ni kulia tu. Kamba akasogea ukingoni, kiatu kikaigusa tochi. Na ile taa ya chini, ile nyeupe, ya duara, iliyotulia, nayo ikasogea. Akairudisha tochi kwa mguu. Taa ya chini ikarudi. Ilikuwa yake mwenyewe, imelala ndani ya maji, inamtazama.

Hospitalini walimwachia Redio kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Vilivyo katikati havikuwa vya kushonwa. Msimamizi alifika jioni na mfuko wa machungwa, akasimama mwisho wa kitanda, hana pa kuweka macho.

"Pole sana. Sasa niambieni, ilikuwaje? Nani alikosea ishara?"

Kamba akafungua mdomo.

"Mimi," Redio akasema. "Nilisahau kuzima taa."

"Hapana, bosi, mimi..."

"Shem, hebu niletee maji."

"Redio, ngoja niseme."

"Maji, shem. Nina kiu."

Kamba akaenda kuleta maji. Aliporudi msimamizi alikuwa anamalizia: kama ni uzembe wake mwenyewe, basi ofisi haina namna, na kwa mkono ule kazi ndiyo imeishia hapo, Mungu atamfungulia mlango mwingine. Akaweka machungwa, akaondoka uso umepata nafuu.

Redio akayanywa yale maji kwa mkono wa kushoto, mengi yakamwagikia shingoni.

"Kulikuwa na taa mbili mle," alisema. "Nilipoinama niliiona. Nikasema mbona maji yanawaka, na mimi nimezima? Kabla sijapata jibu..." Akanyamaza. Redio, amenyamaza. "Huoni tangu lini?"

"Mchana naona."

"Sijauliza mchana."

Kamba akatazama sakafu, ile duara ya sakafu iliyobaki kwake.

"Dada aliniambia unamimina chai nje ya kikombe. Nikamcheka. Nikamwambia mumeo anazeeka vibaya."

"Kesho nakwenda kusema ukweli."

"Utasema nini? Wafukuze wawili? Vidole vitaota?" Redio hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Mimi sina mke, sina mtoto, nina mdomo tu. Wewe una dada yangu mle ndani na wale watoto. Watakula nini, tochi?"

"Redio, siwezi kurudi mle shimoni."

"Utarudi. Mimi nimeshalipa nauli yako."

Akageukia ukutani. Kamba alikaa pale mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Jumatatu alirudi kazini. Msimamizi alikuwa ameamuru kila fundi anunue tochi kama ya Kamba, ili isitokee ajali nyingine. Zilipangwa mezani zinang'aa, zote za chuma, zote za kumwaga. Mama Betri lazima alifurahi.

Mwenzake mpya alikuwa fundi mtu mzima, mpole, kahamishwa kutoka jengo jingine. Wakati wanavaa viatu alimsimulia Kamba habari za mapacha wake, wameanza kutembea, mmoja anakwenda mbele na mwingine kinyumenyume. Kisha akashuka shimoni anajikokota, magoti yanamlalamikia.

"Haya, mkubwa!" sauti ikapanda, imevunjikavunjika ukutani. "Wa juu anazima!"

Kamba akazima.

Godoro likashuka usoni. Akangoja macho yazoee, kama mtu anayemngoja mgeni aliyekwisha zikwa. Chini kulisikika maji yanakanyagwa. Pengine taa ilikuwa inawaka. Pengine yule mzee alishaizima, kainama, kaingiza mkono mahali. Kidole cha Kamba kilikuwa juu ya kitufe, na kitufe kilikuwa baridi.

"Mkubwa? Shusha basi, nimewasha!"

"Subiri kidogo," Kamba akasema. "Kuna nati imelegea huku."

Akapapasa pembeni yake mpaka akapata nati moja, imekazwa vizuri, aliikaza yeye mwenyewe mwezi uliopita. Akatoa spana, akaanza kuikaza tena.

"Bado?"

"Bado."