Firigisi ya Mkaguzi

Laila alikuwa na kipaji cha kuchora visanduku. Mwaka wa tisini na sita, chama cha wakulima wa miwa pale Kakamega kilimwajiri aingize kazi yote kwenye kompyuta, naye akaanza kwa kuchora safari ya muwa kutoka shambani hadi kwenye mizani: mkulima, mkaguzi, mkataji, lori. Kila kisanduku kilijua habari zake na kazi yake, na ndani ya programu vilipokezana kazi vyenyewe bila kugombana. Laiti binadamu tungekuwa hivyo!

Siku ya majaribio, mkaguzi Phanuel alipita mashambani mbiombio kwa ratiba ya kompyuta, na malori yakafuata. Yakarudi matupu. Wakulima walikuwa wamewafukuza wakataji.

"Mkaguzi hakukula kwangu," Mzee Shivachi alifoka ofisini. "Sasa alijuaje miwa yangu imekomaa? Tunamchinjianga ingokho, anakula, ndiyo tunaongea miwa!"

Kumbe Laila alikuwa amemwacha kuku nje ya mchoro. Alikuwa amemwona Phanuel akila kila boma, firigisi ikiwekwa mbele yake kwa heshima, akadhani ni ulafi tu wa mtu mmoja. Mkulima yeyote angemjibu haraka: ukaguzi bila firigisi ni matembezi.

Bwana Kipruto, meneja, hakuwa na subira. "Miwa ya Shivachi isipokatwa Ijumaa, kompyuta inarudi dukani na wewe unarudi kwenu Mumias."

Maneno hayo yalimchoma Laila, maana huko Mumias alikuwa ameshajigamba mpaka kwa majirani. Akachora upya. Kisanduku cha kuku kikaingia katikati, na sharti lake: ruhusa ya kukata haitoki mpaka mkaguzi ale firigisi. Mkaguzi yeyote yule. Programu haikuuliza jina wala sura.

Ijumaa ilipofika, Phanuel hakutoka chooni. Alikuwa amekula kufidia kuku wote aliowakosa siku ya majaribio. Kipruto akamtupia Laila kofia ya ukaguzi.

"Nenda wewe."

Kwa Shivachi, Dauda, dereva wa lori, alimchinja kuku ili Laila, Muislamu mwenzake, ale bila wasiwasi. Obusuma, ugali wa pale, ukaja, mchuzi ukaja, firigisi ikaja. Mzee akaivutia kwake.

"Mwanamke hakulangi hii. Tangu babu."

Laila alimwogopa mzee, lakini Mumias aliiogopa zaidi. "Baba, leo mimi ndiye mkaguzi. Nisipoila, kompyuta haitoi ruhusa."

Wakataji walikuwa wamekaa barabarani wakinoa mapanga yaliyokwisha kunoleka. Mzee akaitazama miwa yake, akaitazama firigisi, akasukuma sahani kama anayeozesha binti kwa shingo upande.

Laila alitafuna, akameza, akainua redio ya lori. "Ofisi, firigisi imeliwa."

"Na nani?" Kipruto akauliza.

"Na mkaguzi."

Zikasikika herufi za kompyuta zikibonyezwa. Kisha ruhusa ikatoka, na miwa ikaanza kuanguka. Mama Rosebella, mke wa Shivachi, aliyepika firigisi zote za boma lile bila kuonja hata moja, akamwinamia Laila sikioni.

"Inakuwanga na ladha gani?"

"Ngumu kidogo, mama. Lakini tamu."

Jumatatu asubuhi Rosebella alikuwa mlangoni pa ofisi, kitambaa kipya kichwani, akiulizia kazi ya ukaguzi.